Kutuliza si Kupatanisha: Mhusika wa Tatu katika Utendi wa Mwana Kupona, Kusadikika na Kinjeketile

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna ugomvi unavyopozwa katika matini tatu za fasihi ya Kiswahili: Utendi wa Mwana Kupona (1858), Kusadikika cha Shaaban Robert (1951) na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Upole wa wahusika katika matini za aina hii husomwa kwa njia mbili: ama kama subira inayostahili kusifiwa, ama kama unyonge unaostahili kulaumiwa. Makala inadai kwamba njia zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kumtazama yule anayetuliza peke yake. Kwa kuanzia na tofauti ya kimofolojia kati ya kutuliza na kupatanisha, tunaonesha kwamba kinachoamua hatima ya ugomvi katika matini hizi si tabia ya anayenyamaza bali ni kuwapo kwa mhusika wa tatu mwenye uwezo wa kusikiliza pande zote mbili. Pale asipokuwapo, au asiposikika, au asiposikiliza, utulivu huwa ni ugomvi ulioahirishwa.

1. Utangulizi

Methali nyingi za Kiswahili zinazohusu ugomvi humsemesha mtu mmoja. Hasira hasara, subira ni ufunguo wa faraja, mwenye nguvu mpishe. Ukichunguza ni nani anayeambiwa maneno hayo, utaona kwamba mara nyingi ni yule aliyekosewa, au yule aliye dhaifu, au yule aliyefika mwisho wa uvumilivu. Ni nadra methali hizo kuelekezwa kwa mwenye nguvu ambaye ndiye aliyeanzisha ugomvi. Mwenye nguvu mpishe haimwambii mwenye nguvu lolote, inamwambia anayempisha.

Tabia hii ya methali imeingia pia katika uhakiki na katika ufundishaji wa fasihi. Mwanafunzi anapoulizwa kuhusu maudhui ya amani katika matini fulani, mara nyingi hutarajiwa kumtaja mhusika mpole, kueleza sifa zake, kisha kuhitimisha kwamba jamii inapaswa kumwiga. Uhakiki wa mrengo wa kimapinduzi na ule wa kifeministi umeupinga usomaji huo kwa haki, ukisema kwamba upole unaosifiwa mara nyingi ni wa aliyekandamizwa, na kwamba kumsifu ni kumfunga mara ya pili. Hata hivyo, pande zote mbili zimekubaliana jambo moja bila kulitamka: kwamba swali la kupunguza ugomvi ni swali la tabia ya mtu. Upande mmoja unaiita tabia hiyo subira, mwingine unaiita unyonge.

Hoja ya makala hii ni kwamba matini zenyewe haziliweki swali hivyo. Matini tatu tulizozichagua zimetenganishwa na zaidi ya karne moja, na ni za tanzu tatu tofauti: utendi, riwaya na tamthilia. Kila moja ina mhusika anayejitahidi kupoza hali iliyochemka kwa kauli au kwa kimya. Katika kila moja, juhudi hizo hufaulu au hushindwa kulingana na mahali aliposimama mhusika mwingine ambaye si mgomvi. Huyo ndiye tunayemwita mhusika wa tatu.

2. Ushahidi wa kitenzi

Kabla ya kuziendea matini, inafaa kuitazama lugha yenyewe, kwa sababu Kiswahili kimekwisha kuweka tofauti ambayo wahakiki wameisahau. Tuna kundi la vitenzi linalojumuisha tuliza, poza na nyamazisha. Vyote ni vya kusababisha: tulia huzaa tuliza, poa huzaa poza, nyamaza huzaa nyamazisha. Kinachovifunga pamoja ni kwamba yambwa yake inaweza kuwa mtu mmoja na sentensi ikatimia. Tukisema Asha alimtuliza Juma, hakuna anayeuliza Juma na nani. Ugomvi wenyewe umeondoka katika sentensi. Kilichobaki ni hali ya Juma.

Kitenzi patanisha kina umbo tofauti. Mzizi pat- unafuatwa na kiambishi cha kutendana -an-, kisha ndipo kinakuja cha kusababisha -ish-. Mpangilio huo una maana. Kutendana kumo ndani ya kusababisha: mtu fulani anawafanya wengine wawili wapatane wao kwa wao. Ndiyo maana sentensi Asha alimpatanisha Juma haitoshi. Msikilizaji atangoja kusikia na nani. Kitenzi hiki hakikubali kuwaondoa wagomvi, wala hakikubali wawe mmoja. Kinadai watu watatu.

Kitenzi amua kinatupeleka mbele zaidi. Katika matumizi ya kawaida, kuamua ni kuwatenganisha wanaopigana, na pia ni kutoa hukumu. Maana hizo mbili zimekaa katika neno moja kana kwamba wasemaji waliona kuwa anayewashika mikono wapiganao amejitwisha wajibu wa kusikiliza chanzo cha ugomvi. Mwamuzi hawezi kuwatenganisha watu kisha akaenda zake.

Jozi ya mwisho ni radhi na maridhiano. Radhi, katika matumizi yake ya kijadi, huelekea upande mmoja: mtoto huitafuta kwa mzazi, mke huitafuta kwa mume, aliyekosa huiomba kwa aliyekosewa. Maridhiano yamejengwa juu ya ridhiana, nayo ni ya pande mbili. Kila upande unaridhia na kuridhiwa. Umbali kati ya nomino hizi mbili ndio umbali ambao matini zetu zinajaribu kuuvuka, na si zote zinazofika.

3. Utendi wa Mwana Kupona: msikilizaji wa akhera

Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi huu akiwa mgonjwa, miaka michache tu kabla ya kufariki. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa Sheikh wa Siyu na alipata kupambana na utawala wa Sayyid Said bin Sultan. Muktadha huu una uzito katika mjadala wetu. Mashairi yenye mafunzo ya utulivu wa nyumbani yalitungwa na mwanamke aliyeishi katika nyumba ya mtu wa vita, katika mwambao uliokuwa umeona mapigano ya mara kwa mara kati ya miji yake na utawala wa Zanzibar.

Sehemu inayojulikana zaidi ni ile inayomwelekeza binti namna ya kuishi na mume: akae naye kwa adabu, asimchokoze, na anapokuwa na maneno ya ukali asirudishe jibu bali ajizuie. Usomaji wa zamani uliuchukulia utendi huu kuwa mwongozo wa mke mwema. Toleo la Werner na Hichens la mwaka 1934 liliuwasilisha kwa wasomaji wa Kiingereza kwa sura hiyohiyo. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliuchokonoa usomaji huo kwa kuuliza juu ya uhusiano wa lugha, ushairi na mamlaka ndani ya utendi wenyewe, na tangu hapo haijawa rahisi kuusoma kama orodha ya amri tupu.

Tukiutazama kwa jicho la mhusika wa tatu, jambo la kwanza linalojitokeza ni nani hayupo. Kurani, katika Sura ya An-Nisaa aya ya 35, inaelekeza kwamba panapohofiwa mfarakano kati ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Mtungaji aliyeishi katika mazingira ya elimu ya dini kama Mwana Kupona hawezi kudhaniwa kuwa mgeni wa utaratibu huo. Lakini waamuzi hao wawili hawamo katika utendi wake. Binti haambiwi amwendee mjomba, wala kadhi, wala mzee wa mtaa. Ugomvi umefungiwa chumbani.

Je, basi, hakuna mhusika wa tatu? Yupo, na utendi unamweleza kwa namna mbili zinazokinzana. Kwa upande mmoja, Siku ya Kiyama uamuzi kuhusu mke unawekwa mikononi mwa mume: ataulizwa anachotaka, na atakalo ndilo litakalofanywa. Hapa Hakimu amempa mgomvi mmoja kalamu ya hukumu. Kwa upande mwingine, binti anaambiwa kwamba mume akileta maovu, Mungu ndiye atakayemlipia. Hapa Hakimu ni wakili wa aliyenyamaza. Wahakiki wengi huchagua mojawapo ya kauli hizi na kuiacha nyingine. Wanaouona utendi kuwa chombo cha kumtiisha mwanamke hushika ya kwanza. Wanaoutetea hushika ya pili. Sisi tunadai kwamba mkinzano huo haupaswi kusuluhishwa na mhakiki, kwa sababu ndio unaoonesha gharama ya kimya. Anayenyamaza duniani anaweka kesi yake mbele ya mahakama ambayo hajui itampa nani neno la kwanza.

Ushahidi kwamba mtungaji aliitambua gharama hiyo umo katika kisa chake mwenyewe. Anasimulia kwamba yeye na mumewe waliishi kwa furaha bila kuvunjiana heshima, na kwamba mauti yalipomfikia mume alikariri kumpa radhi. Radhi hiyo ilitolewa duniani, kwa sauti, na imewekwa katika ubeti ili isikike. Mwana Kupona hakungoja Kiyama. Ameileta hukumu mbele na kuifanya wosia. Zaidi ya hapo, kuelekea mwisho utendi hauzungumzi tena na binti mmoja. Unawageukia wanawake wengine na kuwataka wausome. Kwa kufanya hivyo, chumba kilichofungwa kimepata wasikilizaji. Anayejizuia kumjibu mume hayuko peke yake tena. Kimya chake kina mashahidi, na mashahidi hao ni wanawake wanaojua kwa nini amenyamaza.

Hilo halitoshi kuugeuza utendi kuwa wa maridhiano. Bado radhi inaelekea upande mmoja, na hakuna ubeti unaomtaka mume naye ajizuie. Lakini linatosha kuonesha kwamba hata matini inayohimiza kimya kuliko zote inahangaika kumtafuta wa kukisikia.

4. Kusadikika: kosa la kumleta wakili

Katika Kusadikika, Karama amefikishwa mbele ya baraza la mfalme kwa mashitaka ya Waziri Majivuno. Kosa lake ni kutaka kuanzisha elimu ya uanasheria katika nchi ile inayoelea angani. Riwaya imehakikiwa mara nyingi kama istiari ya utawala wa kikoloni katika Tanganyika ya wakati wake, na Karama amesifiwa kwa ujasiri wake na kwa upole wa lugha yake. Sifa hizo ni za kweli, lakini zimeificha hoja iliyo wazi zaidi katika hati ya mashitaka.

Anachotaka Karama ni nini hasa? Hataki kiti cha mfalme wala cheo cha waziri. Anataka pawepo na watu waliosomea kusimama kati ya mshitaki na hakimu wakimsemea mshitakiwa. Kwa maneno mengine, kosa la Karama ni kumleta mhusika wa tatu. Majivuno anautambua hatari wa jambo hilo haraka kuliko wahakiki wengi. Katika nchi ambamo anayeshitaki ni waziri wa anayehukumu, nafasi ya tatu imekwisha kuzibwa. Kumwingiza wakili ni kuifungua.

Ndiyo maana namna ya Karama ya kujitetea inastahili kusomwa kama utaratibu na si kama tabia. Hamrushii Majivuno maneno. Anasimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu, mbinguni na ardhini, wakarudi na manufaa, kisha wakaambulia kifungo. Kila kisa kinajitosheleza, na kila kisa kinaliacha baraza na jambo la kufikiri kabla ya kinachofuata. Hapa tunaona kazi mbili za masimulizi katika kupoza ugomvi. Kwanza, masimulizi yanahamisha macho. Baraza lililokuja kumtazama Karama na Majivuno linajikuta likiwatazama watu wengine sita. Pili, masimulizi yananunua muda. Kila kikao kinapoahirishwa, ghadhabu iliyokuja na mashitaka inapungua makali, na mfalme anapata nafasi ya kuwa kitu kingine zaidi ya bwana wa Majivuno.

Badiliko hilo la mfalme ndilo kiini cha riwaya. Mwanzoni, baraza lina pande mbili: Karama upande mmoja, dola upande wa pili. Kadiri visa vinavyoendelea, mfalme anatengana na waziri wake. Anaanza kusikiliza. Mwishoni anamwachia huru Karama pamoja na wajumbe waliofungwa. Kwa hiyo Karama hakumtuliza mtu. Hakuna dalili kwamba Majivuno ametulia. Alichofanya ni kumtengeneza mhusika wa tatu kutokana na mtu aliyekuwa sehemu ya upande wa pili. Tendo hilo ni gumu kuliko subira, na halielezeki kwa kuitaja subira peke yake.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kusema kwamba suluhu ya Kusadikika ina udhaifu wake. Inategemea mfalme mmoja aliyekubali kusikiliza. Wajumbe sita nao walikuwa na ukweli, nao walikuwa na manufaa mikononi, na bado walifungwa, kwa kuwa walizungumza na baraza ambalo halikuwa limefunguliwa. Shaaban Robert anaonekana kuujua udhaifu huo, ndiyo maana hakumfanya Karama aombe huruma. Amemfanya aombe sheria. Huruma ya mfalme hufa na mfalme, wakili hubaki.

5. Kinjeketile: anayesema bila kusikiliza

Tamthilia ya Hussein inatuonesha upande wa pili wa jambo hili: kile kinachotokea pale mhusika wa tatu anapotoa neno moja kisha akanyamaza. Mwanzoni mwa tamthilia watu wamezidiwa na njaa na kazi ya lazima katika mashamba ya pamba ya Wajerumani. Wana adui mmoja, lakini wanapokutana wanagombana wao kwa wao. Wengi wanatambulishwa kwa majina ya makabila yao, na kila mmoja ana kumbukumbu ya ubaya wa kabila la mwenzake. Ugomvi wa kwanza katika tamthilia, basi, si kati ya Mwafrika na Mjerumani. Ni kati ya wanaoonewa.

Kinjeketile anavutwa mtoni na pepo Hongo, na anapotoka majini analeta neno la umoja pamoja na maji ya kinga. Kwa muda mfupi neno hilo linafanya kazi ambayo mjadala wa wazee haukuiweza. Waliokuwa hawaaminiani wanakubali kukaa pamoja. Tukitumia msamiati wetu, hapa pana upatanisho kamili: sauti iliyo nje ya pande zote inawafanya wapatane. Hongo si wa kabila lolote, na kwa hiyo hakuna anayeshindwa kwa kumkubali.

Lakini Hongo ana kasoro moja kama mpatanishi. Hasikilizi. Ameshatoa neno, na haulizwi tena. Kinjeketile anapoanza kuwa na mashaka, hasa juu ya ile sehemu ya unabii isemayo kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said, hana wa kumwendea. Anawasihi watu wangoje. Wao hawaoni sababu ya kungoja, kwani neno liliwafikia kamili. Kitulizo alichokileta Kinjeketile ndani ya jamii kimegeuka kuwa moto wa kuwakabili Wajerumani kabla ya wakati, naye hana tena uwezo wa kuupoza. Hii ndiyo tofauti yake na Karama. Karama ana msikilizaji anayeweza kubadili mawazo. Kinjeketile ana msemaji asiyeweza kuulizwa.

Kwa upande wa Wajerumani nafasi ya tatu haipo kabisa. Hakuna baraza la kupeleka malalamiko ya pamba, kodi na viboko. Anayeonea ndiye anayehukumu. Katika hali hiyo, kulaumu watu kwa kukosa subira ni kusahau kwamba subira ni kungoja kitu, na wao hawakuwa na cha kungoja.

Mandhari ya mwisho, gerezani, inaligeuza swali letu juu chini. Kinjeketile anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Tamko hilo lingeweza kupunguza mateso na kumaliza mambo. Anakataa, akihofia kwamba wenye nguvu watalitumia kuwaambia watoto wa kesho kuwa baba zao walikosea kupigana. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba hapa Hussein ameiacha historia. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Mhusika wa tamthilia anabakishwa hai hadi kushindwa kwa watu wake. Mwandishi alimhitaji hai kwa ajili ya kukataa huku. Anayemwomba atulize hali si mpatanishi bali ni mshindi, na kitulizo anachodai kina bei moja: aliyeonewa aseme kwamba hakuonewa. Kinjeketile anatambua kwamba kunyamazisha kumekuja kwa jina la kupatanisha.

6. Pingamizi mbili

Msomaji anaweza kutoa pingamizi kwamba Kiswahili chenyewe humfukuza mhusika wa tatu. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Methali hii humwonya mtu wa nje asijitie katika ugomvi wa ndugu. Lakini tuangalie inamfukuza nani. Inamfukuza mpita njia, si mzee wa ukoo. Ndugu wanaachiwa ugomvi wao kwa sababu inadhaniwa kwamba ndani ya ukoo yumo wa kuwaamua: baba, mjomba, shangazi, mshenga aliyeifunga ndoa. Methali inamtaka wa tatu aliye ndani na kumkataa wa tatu aliye nje. Haisemi kwamba wawili wanatosha.

Pingamizi la pili linatoka katika historia ya karibu. Maridhiano ya Zanzibar ya Novemba 2009, kati ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, yalitokana na mazungumzo ya viongozi wawili wenyewe, ilhali Muafaka wa mwaka 1999 ulikuwa na msuluhishi kutoka Jumuiya ya Madola na haukudumu. Je, si ushahidi kwamba wa tatu hahitajiki? Tunaona kinyume chake. Makubaliano ya 2009 hayakuishia kwa wawili. Yalipelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, na takriban theluthi mbili ya waliopiga kura wakaukubali muundo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wa tatu alikuwa mpiga kura. Wala si bahati mbaya kwamba jina lililoshika safari hii lilikuwa maridhiano, nomino yenye -an- ndani yake. Misukosuko iliyofuata uchaguzi wa 2015, pale matokeo yalipofutwa, ilionesha nini hutokea mpiga kura huyo anapohisi kwamba neno lake halikusikilizwa.

7. Hitimisho

Matini tatu tulizozihakiki zinatoa picha tatu za mhusika wa tatu. Katika Utendi wa Mwana Kupona anasikiliza, lakini hukumu yake iko akhera, na mtungaji anajaribu kuziba pengo hilo kwa kuwaita wanawake wawe mashahidi. Katika Kusadikika anaanza akiwa amefungamana na mshitaki, kisha masimulizi yanamfungua masikio. Katika Kinjeketile anasema mara moja na hasikilizi tena, na mbele ya dola ya kikoloni hayupo kabisa. Katika picha zote, subira ya mhusika mkuu ni ileile kwa kiasi kikubwa. Kinachotofautiana ni matokeo, na matokeo hayaelezeki kwa subira.

Hili lina maana kwa ufundishaji. Fasihi ya Kiswahili hufundishwa katika jamii ambazo zimeona ugomvi wa kisiasa ukigeuka mauaji. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, zaidi ya watu 1,000 waliuawa kabla ya mkataba wa tarehe 28 Februari 2008 uliosainiwa na Mwai Kibaki na Raila Odinga mbele ya msuluhishi Kofi Annan. Ni jambo la kawaida, katika mazingira ya namna hiyo, kuitafutia fasihi kazi ya kuhubiri amani, na kuwataka wanafunzi wamwige Karama na kumsikitikia Kinjeketile. Usomaji huo unawafundisha kunyamaza vizuri. Haumfundishi mwanafunzi kuuliza swali ambalo Karama alishitakiwa kwa sababu yake: ni nani atakayesimama katikati, na amepewa na nani mamlaka ya kusikiliza?

Tunapendekeza kwamba mhakiki anapokutana na mhusika mpole katika matini yenye mgogoro, asianze kwa kupima upole wake. Aanze kwa kumtafuta msikilizaji. Akimpata, aulize amesimama upande gani, ana muda kiasi gani, na kama anaweza kubadili neno lake. Asipompata, basi asiuite utulivu ule amani, hata kama ukurasa wa mwisho umefika na hakuna tena anayepiga kelele.